Watoto 96 darasani, simu moja: raha na ubunifu vitoke wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Sayansi darasa la tano, shule ya msingi ya serikali. Anasema ana watoto 96 chumba kimoja, ana simu janja yake na spika ndogo ya bluetooth, projekta ya shule iko moja na inakaa ofisini kwa mwalimu mkuu, umeme unakatika mara kwa mara. Aliazima hiyo projekta akawaonyesha video ya maisha ya mbu, watoto wakafurahi mpaka wakapiga makofi, kesho yake kawauliza lava wa mbu (yule mdudu wa majini aliyetoka kwenye yai, kabla hajawa mbu) anapumua vipi, darasa zima kimya. Sasa mwalimu mkuu anamwambia mambo ya simu ni kupoteza vipindi, arudi kwenye ubao. Anauliza: "Nifanyeje hivi vifaa vilete raha na ubunifu kweli, sio watoto kuangalia tu halafu basi?"

Mwalimu, pole na kazi. Watoto 96 ni wengi na ukweli kwamba bado unatafuta njia mpya badala ya kuwaandikia notsi ubaoni wakanakili mpaka kengele igongwe, hilo peke yake nalipa heshima kubwa.

Sasa tuje kwenye swali. Nusu ya jibu umeitaja mwenyewe hapo uliposema "kuangalia tu". Video ikiwa inacheza anayefanya kazi ni video, mtoto yeye amekaa anapokea, na raha anayoipata ni ya picha inayocheza, haina uhusiano wowote na lava. Mgeuzie kazi. Mwambie yeye ndo atengeneze hiyo filamu ya mbu na utaona maswali yanavyoanza kumiminika, lava ana miguu? anakaa juu ya maji au chini? anakula nini? maana asipojua hawezi kumtengeneza. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye jibu langu hili refu ni hiki: simu yako iache kuwa sinema, iwe kamera na rekoda mikononi mwa watoto.

Hili wazo sio langu. Seymour Papert wa kule chuo kikuu cha MIT Marekani, mmoja wa walioanzisha lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo mwaka 1967, alilisimamia maisha yake yote kwamba mtoto anajifunza vizuri zaidi anapojenga kitu ambacho wenzake watakiona. Na upande wa pili tunao ushahidi kwamba kugawa vifaa peke yake hakutoshi: Peru waligawa kompyuta mpakato kwa wanafunzi wa shule za vijijini kwa wingi, mwaka 2012 ukatoka utafiti uliofuatilia shule 319, ukakuta hakuna tofauti ya kueleweka kwenye matokeo ya hisabati na lugha. Yaani watoto walikuwa na kompyuta zao wenyewe na bado! Kwa hiyo usijione mnyonge kwamba una simu moja, wapo waliokuwa na mamia ya kompyuta wakakwama palepale ulipokwama wewe.

Haya, tuanze na huyo huyo mbu wako.

Kuna aina ya filamu inaitwa stopmosheni, zile katuni za udongo, kitu kinasogezwa kidogo kinapigwa picha, kinasogezwa tena kinapigwa picha, zikiunganishwa kinaonekana kinatembea chenyewe. Pakua app ya kazi hiyo, mfano Stop Motion Studio, toleo la bure linatosha kabisa na ukishaipakua haikudai bando. Picha 5 kwa sekunde zinatosha kwa watoto, hivyo filamu ya sekunde 40 ni picha 200. Kila picha kadiria sekunde 15, yaani kusogeza, kutoa mkono, kupiga, jumla dakika 50, na kipindi chako ni dakika 40, kwa hiyo gawa vipindi viwili usijibane. Mimi ningegawa hivi: yai sekunde 8, lava sekunde 12, pupa (hatua ya mwisho kabla hajatoka mbu) 8, mbu kamili 12.

Watoto 96 hawawezi kuzunguka simu moja, hilo liko wazi. Wagawe vikundi 8 vya watoto 12. Vikundi vinne ni vya picha, kila kimoja na hatua yake, viwili vinaandika maneno ya msimulizi, kimoja kinatafuta milio na sauti, na cha mwisho ni wakaguzi. Hawa wakaguzi ndo siri ya kazi nzima. Wanashika kitabu cha kiada na wana mamlaka ya kusimamisha upigaji picha wakiona kosa. Kikundi cha lava kikimkata lava wa manila ana miguu sita, mkaguzi anasema simama, kitabu kinasema lava hana miguu, hapo wanabishana, wanafungua ukurasa, wanarekebisha. Huo ubishi wa dakika mbili una thamani kuliko video yako yote ya mwanzo, na wewe hujasema neno.

Na usiwape mbu wa jumla jumla, wape Anopheles, huyu wa malaria, maana ana mambo mazuri ya kuonyesha. Mayai yake yanaelea juu ya maji moja moja, wakati ya Culex, mbu wa aina nyingine, yanashikana kundi moja. Lava wa Anopheles analala sambamba na uso wa maji, wa Culex ananing'inia kichwa chini. Pupa amejikunja, hali kitu lakini anaogelea, na bado anapanda juu kuvuta hewa. Mbu kamili akitua, Anopheles ananyanyua mkia juu mwili ukawa mshazari. Na anayeuma ni jike tu. Haya yote yanaonekana kwa macho, kwa hiyo mtoto anayetengeneza lazima ayajue, hawezi kupita kwa kukariri neno "metamofosisi", yaani kubadilika umbo hatua kwa hatua, halafu akasonga mbele. Pembeni mwa picha waweke kikaratasi cha tarehe kinachobadilika, siku ya kwanza, ya tatu, ya sita, maana safari yote toka yai hadi mbu kwenye joto letu ni kama wiki moja mpaka mbili, na mtoto akishaihesabu mwenyewe ndo anaelewa kwa nini watu wanaambiwa wasiache maji yatuame zaidi ya wiki.

Kwenye kupiga picha kuna vitu vidogo vinaharibu kila kitu, nisikilize hapa. Simu iangalie chini, sogeza madawati mawili yaachane kidogo, weka rula mbili ngumu juu yake na simu ilale hapo kamera ikichungulia sakafuni, ifunge na rababendi isisogee hata kidogo. Manila ya chini, ile inayosimama badala ya maji, igandishwe na selotepu pembe zote nne. Weka hali ya ndege, maana simu ikiita katikati ya kazi picha inakatika na mtoto anayeshika atashtuka aigonge. Gusa skrini kwa muda mrefu mpaka mwanga ujifunge, simu nyingi zinakubali, vinginevyo kila wingu likipita filamu inawaka na kuzima. Na anayebonyeza awe mmoja tu kwa kila kikundi, wengine mikono nyuma. App nyingi zinakuonyesha picha iliyopita kwa rangi hafifu chini ya hii mpya, waeleze watoto hilo mapema, ndo wanajua wasogeze kiasi gani, ukiliacha watasogeza lava sentimita tano kwa mpigo na atakuwa anaruka ruka badala ya kuogelea. Ah, na kabla ya yote hakikisha simu ina nafasi na chaji imejaa, ukiweza pawabenki iwe karibu.

Vikundi vingine wakati huo havikai bure, wanakata manila, wanaandika, wanafanya mazoezi ya kusoma. Kelele zitakuwepo. Kelele za kazi sio vurugu, ila mwambie mwalimu wa darasa jirani mapema, ni heshima na inakupunguzia maneno.

Kama stopmosheni unaona nzito kuanza nayo, anza na sauti. Kwa kweli kwa shule zetu naipenda sauti kuliko video, na watu wengi wanaisahau. Igizo la redio la dakika tano linahitaji rekoda iliyomo kwenye simu yako sasa hivi, faili la MP3 la kawaida la kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 2.4 tu kwa dakika hizo tano, linatumwa kwa WhatsApp bila kumaliza bando la mtu, na spika yako ya bluetooth inalisikilizisha shule nzima asubuhi mstarini. Watoto wanaandika: jike la Anopheles linatafuta dirisha lenye nyavu iliyochanika, mama anachomekea chandarua, mbu analalamika. Mchele kwenye kopo unatikiswa unakuwa mvua, karatasi ya nailoni ikifikichwa inakuwa moto. Rekodi chini ya mti au stoo yenye magunia na vitabu, usirekodi darasani chini ya bati tupu sauti inarudi rudi, na mvua ikianza acha kabisa. Simu ikae shubiri moja toka mdomoni, pembeni kidogo isipokee pumzi.

Faida nyingine ya sauti ambayo utaiona haraka: yule mtoto wa dawati la nyuma asiyenyoosha mkono mwaka mzima. Kwenye igizo la redio hakuna anayemtazama. Wengi wao ukiwapa sauti ya mbu wanakuwa mbu kweli, na wakisharudia mistari yao kwenye mazoezi mambo yameshaingia kichwani bila wao kujua kwamba wanasoma.

Sijasema video uitupe. Video nzuri zipo na za kwetu zipo, Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, kwa Kiswahili, nyimbo zake watoto wengi wanazijua. Ila ichezeshe dakika moja, simamisha, uliza "sasa hivi kitatokea nini?", wajibizane, endelea. Na kuna mchezo mmoja unafanya kazi sana: zima sauti kabisa. Weka mtangazaji mmoja na mchambuzi mmoja mbele, watangaze ile video kama wanavyosikia mechi ya Simba na Yanga. "Lava anapanda, anapanda, amefika juu, anavuta hewa!" Darasa litacheka kwelikweli, ila mtangazaji hawezi kutangaza asichokijua, na mchambuzi lazima aeleze kwa nini lava amepanda. Wabadilishe kila dakika. Swali lako la lava anapumua vipi hapo halina kimya tena.

Upande wa kupima uelewa, najua utakutana na watu wanaokwambia tumia Kahoot!. Ni nzuri, imetoka Norway, dunia nzima inatumia, ila inataka kifaa kwa kila mtoto au angalau kila kikundi pamoja na intaneti, na inampa pointi zaidi anayejibu haraka. Kwa hali yako achana nayo kwa sasa. Inayokufaa wewe ni Plickers. Hii mtoto hashiki kifaa chochote, anashika kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi, kila kadi na mchoro wake, pande zake nne ni A, B, C na D. Unauliza, mtoto anageuza kadi jibu lake liwe juu, wewe unapitisha kamera ya simu darasa lote, inasoma kila kadi na kukwambia nani kajibu nini. Jirani hawezi kuangalizia kwa sababu kadi zote hazifanani. Mwisho ni kadi 63 kwa darasa, wewe una 96, kwa hiyo kadi moja watoto wawili, zinatosha 48. Chapisha steshenari kwenye karatasi za kawaida, usizitie plastiki ya kung'aa, mwanga unarudi na kamera inashindwa kusoma. Itahitaji bando kidogo, sio kubwa.

Na kukaa wawili wawili wala sio hasara. Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, tangu miaka ya 1990 anafundisha hivi: uliza swali, wapige kura, usiwaambie jibu, wape dakika mbili kila mtu amshawishi jirani yake, wapige kura tena. Fanya hivyo hivyo. Ukiona kura ya kwanza imegawanyika nusu kwa nusu hilo ndo swali zuri, waachie wabishane. Kura ya kwanza ikiwa wote wamepata, swali lilikuwa jepesi, songa mbele usipoteze muda. Kitu kimoja nakuomba, usiwaonyeshe orodha ya nani wa kwanza nani wa mwisho. Simu inakuonyesha wewe, inatosha. Mtoto anayejua jina lake litaonekana chini kila siku hataona raha yoyote hapo, na huyo ndo anayekuhitaji zaidi.

Siku simu haina chaji, manila za rangi nne zinafanya kazi ileile, huna tu kumbukumbu ya nani kajibu nini.

Hapa ndo pa kumjibu mwalimu mkuu, maana hofu yake ni mtihani na hofu hiyo ni ya haki, yeye ndo anaulizwa matokeo. Usibishane naye kwa maneno. Kabla ya mada piga maswali matatu kwa kadi, andika wangapi wamepata, baada ya filamu uliza tena, halafu uliza tena wiki moja baadaye bila kuwatangazia. Hiyo ya wiki moja ndo muhimu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu wasome, wengine wakakirudia kukisoma, wengine wakapimwa wanakumbuka nini. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, ila baada ya wiki waliopimwa ndo walikuwa wanakumbuka zaidi. Kwa hiyo maswali haya ya mchezo yenyewe ni kujifunza, na ukimpelekea mwalimu mkuu daftari lenye namba za watoto wake mwenyewe, kabla, baada, na wiki moja baadaye, hapo mtaongea lugha moja. Mwalike pia aje awe sauti kwenye igizo, mpe nafasi ya daktari wa zahanati.

Tuseme baadaye shule ikapata hata laptop moja ya zamani. Usikimbilie intaneti. Kuna Kiwix, unaishushia Wikipedia ya Kiswahili nzima mjini kwenye wifi ukarudi nayo kwenye flashi, inafunguka bila mtandao. Kuna Kolibri, inageuza laptop hiyo kuwa maktaba, simu na tableti za karibu zinaingia kwa wifi yake bila bando, na humo zimo video za Ubongo na hadithi za African Storybook za Kiswahili, hadithi ambazo zina leseni huru, unaruhusiwa kuzibadilisha, kwa hiyo watoto wako wanaweza kuchukua picha zilezile wakaandika hadithi yao. Kuna majaribio ya sayansi ya PhET kutoka chuo kikuu cha Colorado, baadhi yametafsiriwa Kiswahili, unaunganisha saketi ya umeme kwenye skrini na taa inawaka. Na Scratch, ya kutengeneza michezo na katuni, menyu yake ina Kiswahili. Kwamba mtoto wa kijijini anaweza kujifunza kwa programu ya Kiswahili halina ubishi tena, shindano la kutengeneza programu za kujifunzia watoto, Global Learning XPRIZE, lilifanyiwa majaribio mkoani Tanga kwenye vijiji kama 170 na watoto karibu 3,000, washindi wakatangazwa 2019, na programu za washindani waliofika fainali zikaachwa wazi kwa yeyote kutumia. Ila usibebe yote haya kwa mkupuo. Chagua moja kwa muhula, ulijue vizuri, ndo uongeze.

Kuhusu hizi akili mnemba za kuandika, zitumie wewe mwenyewe kupata rasimu ya maswali, hasa majibu ya uongo yanayokaribia ukweli, kuyatunga kunachosha. Soma kila mstari kabla ya kuupeleka darasani, Kiswahili chake mara nyingine kinakaa vibaya na istilahi za kitabu chetu hazijui zote.

Jambo la mwisho ni zito kidogo, ni usalama wa watoto. Filamu ya manila haina sura ya mtu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda. Ukirekodi sura au sauti na unataka zitoke nje ya shule, pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi kupitia mwalimu mkuu, hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na taarifa za watoto inazitazama kwa umakini zaidi. Majina kamili na jina la shule visitajwe kwenye rekodi. Usiweke kwenye status yako hata kama imetoka nzuri kiasi gani, waite wazazi siku ya kikao waione kwenye projekta. Na kwa kuwa simu ni yako binafsi, toa picha na meseji zako kwenye njia kabla ya kuikabidhi, tumia ile hali ya kufunga app moja kwenye skrini, mtoto akibonyeza vibaya asitoke nje.

Kwa hiyo ratiba yangu kwako ni hii. Wiki hii usipige picha yoyote, omba ruhusa, gawa vikundi, wape wakaguzi kitabu, piga yale maswali matatu ya mwanzo. Wiki ijayo kata manila na urekodi sauti ya msimulizi, maana sauti ikitangulia unajua kila hatua inataka sekunde ngapi. Wiki ya tatu piga picha. Yai na lava kipindi cha kwanza, pupa na mbu cha pili, nakili kila kitu kwenye flashi siku hiyohiyo, na kikundi cha pupa kikichelewa kipe nafasi baada ya masomo, usiwakatie sehemu yao.